Mwalimu Asiyetimiza Kazi Yake

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Nanighi, kandokando ya Mto Tana: mtoto yu darasa la tano na hajui kusoma barua, na mwalimu wake katika skuli ya serikali leo yupo, kesho hayupo. Je, mzazi anyamaze, asije akaitwa msengenyaji? Ama amtoe mtoto, amrudishe machungani?

Twajibu: si hili wala si lile. Kunyamaza ni kuipoteza amana, kwani Bwana Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Na kumpelekea shitaka mwenye uwezo wa kuondoa dhuluma si kusengenya. Wanazuoni, akiwamo Imamu Nawawi, wameliruhusu. Lililo haramu ni kumla nyama mwalimu barazani, kisha akipita tukamwamkia kwa tabasamu.

Namna ya kushitaki twaipata kwa Sayyidna Umar (r.a.). Watu wa Kufa walimshitaki amiri wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), hata wakadai kuwa hajui kusalisha vyema. Umar hakuwapuuza washitaki, wala hakuyapokea maneno yao kama yalivyo. Alimwuliza Saad mwenyewe, kisha akapeleka watu Kufa waulize msikiti kwa msikiti. Wote wakamsifu, ila mtu mmoja aliyesimama akamsingizia. Na ingawa Umar alikuwa amemwuzulu, alipokaribia kufa alisema wazi kuwa hakumwuzulu kwa kushindwa na kazi wala kwa khiyana.

Basi nanyi fuateni mwendo huo. Kwanza, hakikisheni: tazameni madaftari ya watoto, na mziandike siku alizokosa mwalimu. Pili, mwendeeni yeye mwenyewe, watu wawili watatu, kwa upole, mumwulize udhuru wake. Huenda anasomesha madarasa matatu peke yake. Tatu, asipobadilika, mwelezeni mwalimu mkuu, kisha Bodi ya Usimamizi ya skuli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi wawakilishi sita katika bodi hiyo. Chagueni wenye kusema kweli, si wenye kujipendekeza. Nne, iko Tume ya Huduma za Walimu, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa kazi ya kuajiri walimu na kuwatia adabu.

Lakini tujihesabu nafsi zetu pia. Mtoto tuliyemtoa skuli kiangazi kizima afuate mifugo, tutamlaumu nani asipojua kusoma? Mkutano wa wazazi tusiouhudhuria, tutamdai nani haki yetu?

Mwalimu mzembe tukimnyamazia, darasa zima litapotea. Na mwalimu mwema tukimsingizia, ataondoka, na sehemu zetu hizi si wepesi kumpata badali yake. Yote mawili tutaulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.