Agosti imeingia, lengalenga bado imelala

Walimaji wa Kamalondo, baridi hii imetuchosha. Juni na Julai tuliivumilia, maana Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa miezi hiyo kushuka chini ya digrii 10 si ajabu kwetu. Kinachouma ni kuiona ikiingia Agosti bila kulegea, na jua lenyewe likichomoza jekundu, limefifia kwa moshi wa moto wa pori na wa tanuri za makala. Shule zinafunguliwa Septemba, ada zinasubiri, na mboga haikui.

Ndiyo maana wengi wanailazimisha lengalenga kwa urea. Tafadhali acheni. Lengalenga ni mboga ya joto: mwezi wa Oktoba unaisia, na baada ya wiki 3 au 4 unakata. Sasa mzizi wake hauna nguvu ya kunywa, na urea unayomwaga inazama na maji, mwisho inaishia kisimani. Umepoteza pesa na umeharibu maji.

Nyanya nazo zina shida yao. Geuza jani la mche kitaluni, utakuta mgongo wake umekuwa zambarau. Watu wanadhani ni ugonjwa, wanakimbilia dawa. Dawa haitasaidia kitu: udongo ukiwa baridi, mzizi unashindwa kuvuta fosforasi hata kama imejaa pale pale. Joto likirudi, majani mapya yatatoka kijani.

Hapa Kamalondo mashamba hatuna. Tuna parseli ndogo, ukuta wa matofali, pengine na mwembe unaokula nusu ya jua. Huo ukuta ni mali. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na miezi hii jua linapita upande wa kaskazini, huku upepo wa baridi ukitoka kusini-mashariki. Basi kitalu kiwekwe upande wa kaskazini wa ukuta, karibu nao kabisa. Mchana matofali yanapata moto, usiku yanaurudisha kwa miche. Ukikiweka upande wa pili, umekipa kivuli na upepo kwa pamoja. Majani makavu mliyotandaza kulinda unyevu, yaondoeni asubuhi ili jua liguse udongo; jioni funikeni kitalu kwa nyasi zilizolazwa juu ya fito, zisiikandamize miche.

Kumwagilia ni asubuhi, jua likishapanda. Bustani iliyoloweshwa jioni inalala na maji ya baridi, mche unaoza shingoni, na kesho yake unaukuta umeanguka.

Wanaolima mabondeni, kando ya mto Lubumbashi na Kafubu, wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Kabichi ya Kichina inaipenda hali hii, na kwa wiki 6 hivi inakuwa tayari, kabla joto halijaamsha viwavi. Kabichi ya kufunga kichwa, kwa maoni yangu, imeshachelewa: inataka karibu miezi 3, itakutana na Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, na viwavi wataimaliza. Nyanya msizitoe kitaluni kwa haraka. Usiku ukibaki chini ya digrii 12, maua yanapukutika bila kushika tunda.

Wiki hii pandeni kabichi ya Kichina. Mbegu ya lengalenga ibaki ndani ya mfuko hadi Septemba.