Mkojo safi, figo gonjwa

Swali: Msomaji ambaye mama yake ana kisukari na presha anauliza: kwa nini mama apimwe figo ilhali anakojoa vizuri na haumwi kiuno?

Jibu: Kwa sababu figo huumia kimyakimya. Kila moja ina vichujio vidogo takriban milioni 1. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, vichujio hivyo hufanya kazi kupita kiasi, kuta zake huwa nene, kisha hupata makovu na kuanza kuvujisha protini iitwayo albumini. Presha huharakisha uharibifu huo, na unene wa tumbo huongeza mzigo. Uvimbe wa miguu huja baadaye, mara nyingi figo zikiwa zimeshaharibika sana.

Vipimo ni viwili: albumini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Mwenye kisukari cha aina ya 2 huanza siku anayogunduliwa, kisha kila mwaka.

Kinga? Sukari na presha zidhibitiwe, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku (kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya achari imo humo), sigara iachwe. Diklofenaki ya kununuliwa dukani kila mgongo ukiuma ni adui asiyetajwa vya kutosha. Dawa kama losartani na dapagliflozini hupunguza kasi ya uharibifu, lakini huanzishwa na daktari.