Jani Badala ya Chapati: Mlo Mwepesi wa Jioni Nyumbani Naguru

Saa moja jioni, njia ya kupanda Naguru, Kampala, kutoka Nakawa hunukia mayai na vitunguu. Sigiri za rolex zimekolea moto, baba na mama wanatoka kazini wamechoka, na nyumbani watoto wanauliza chakula kabla hujavua viatu. Saa hiyo moja, kila siku ya kazi, ina uzito mkubwa katika afya ya familia, na ndiyo iliyotufanya tuandike kijitabu hiki.

Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, si chakula kibaya. Ndani yake mna mayai, nyanya, kitunguu na kabichi, navyo ni vyakula vizuri. Shida iko kwenye kifungio. Chapati moja iliyokandwa na kukaangwa kwa mafuta inaweza kupita kalori 200, na mtu mwenye njaa hula mbili kisha akaenda kulala. Majani ya saladi, au letusi, yana kalori kama 15 tu katika gramu 100, kwa sababu karibu yote ni maji. Ukichukua vitu vilevile vya ndani ukavifunga kwa jani, umepata chakula cha jioni kisicholemea tumbo.

Jambo hili linatuhusu, kwani ulaji huchangia magonjwa kama presha ya juu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Uganda alikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kipande kimoja cha nyanya pembeni mwa sahani ya posho hakifiki huko.

Kufunga chakula kwa jani si jambo geni kwetu. Luwombo hufungwa kwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, ila jani lenyewe halilwi. Wakorea nao wana ssam: nyama na wali kidogo huwekwa juu ya jani la saladi, na kila mtu hujifungia mwenyewe mezani. Watoto hufurahia sana kazi hiyo, na mtoto anayekataa mboga sahanini mara nyingi huila akiifunga kwa mikono yake.

Maji kwanza

Saladi huliwa mbichi. Hakuna moto wa kuua vijidudu, kwa hiyo usalama wote wa mlo huu uko kwenye maji na mikono yako. Mwaka 2015 Kampala ilipigwa na mlipuko wa homa ya matumbo, yaani taifodi, na maji machafu pamoja na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo vilihusishwa nao. Ugonjwa huo hutoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kinywani mwa mwingine, na jani bichi ni njia yake mojawapo. Mayai ya minyoo hupita hapohapo.

Zingatia mboga inakotoka. Mfereji wa Nakivubo hubeba majitaka ya jiji hadi kwenye kinamasi na kuishia Ziwa Victoria, na kandokando yake watu hulima. Jani linaweza kuonekana zuri, la kijani na laini, huku limemwagiliwa maji hayo. Hata lililolimwa mahali safi huweza kuchafuka sokoni, kwenye ndoo ambayo mchuuzi huchota maji ya kunyunyizia mboga zisinyauke. Muulize mchuuzi wako wa Nakawa anakozitoa na maji anayotumia. Kuuliza si kumdharau.

Ukifika nyumbani, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Tupa majani ya nje yaliyochanika. Bandua yaliyobaki moja moja, maana mchanga hujificha kwenye shina, ulioshe kila jani pande zote mbili katika beseni safi, na ubadilishe maji mpaka chini ya beseni kusionekane hata chembe ya mchanga. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakatokota vizuri na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kung'uta, kausha kwa kitambaa safi. Wengi wetu tulifundishwa kuloweka mboga katika maji ya chumvi. Chumvi huwatoa wadudu wadogo majanini, lakini usiitegemee kuua vijidudu vya taifodi. Sabuni usiitumie kwenye mboga hata kidogo.

Hata ukiosha hivyo, hatari hupungua tu, haiishi. Kwa hiyo mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, mfungie kwa jani lililopita kwenye moto. Chukua jani la kabichi au la sukuma wiki, kata uti mnene wa katikati, litumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2, litoe. Litalainika na kujikunja bila kupasuka. Kwa maoni yetu, nyumba yoyote isiyo na hakika na maji yake ingeanza na kabichi na kuiacha saladi kwa siku nyingine. Kabichi ni rahisi kupatikana, hukaa siku nyingi, na haihitaji friji.

Cha kuweka ndani

Kwa watu 5, tumia vikombe 3 vya maharage yaliyokwisha kuiva. Ukiyachemsha mengi Jumapili na kuyagandisha, kazi ya katikati ya wiki huwa dakika 20. Kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia tangawizi na kitunguu saumu, nyanya 2, na karoti iliyoparuzwa. Mimina maharage, yaponde nusunusu kwa mwiko, yaache yakauke kiasi ili yasichuruzike mikononi. Ukiepua, kamulia limau. Limau huleta ladha, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Weka kijiko kwenye jani, juu yake kipande cha ovakado, kunja.

Mukene, yaani dagaa, pia hufaa sana. Kwa kuwa aghalabu huanikwa chini, chambua uondoe mchanga, osha kwa maji ya moto mara kadhaa, kisha ukaange hadi ukauke. Huliwa pamoja na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalisi. Ukitumia nyama ya kusaga, ipike mpaka wekundu wote uishe, na ubao uliokatia nyama mbichi usiguse majani.

Kwa mchuzi wa kuchovya, binyebwa, yaani karanga zilizosagwa, iliyolainishwa kwa maji ya moto inatosha. Nunua karanga nzima, uzichambue na kusaga mwenyewe au usagiwe ukiona. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe, kwani huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo hudhuru ini na ambayo kupika hakuiondoi. Kwenye unga uliokwisha kusagwa huwezi kuziona.

Chumvi nayo itazame. Kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na viungo vya pakiti vina chumvi nyingi ndani yake. Ukivitumia, usiongeze nyingine.

Mwepesi kwa nani?

Watoto wanaokua, mama anayenyonyesha na mtu aliyekonda wanahitaji nguvu zaidi. Wawekee kiazi kitamu, matoke au posho pembeni. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiache wanga ghafla, kwani sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Azungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama huna friji, pika kinachotosha jioni hiyo.

Mwenye kipande cha uwanja anaweza kupanda saladi kwenye gunia. Kituo cha kilimo cha jiji kilichoko Kyanja, hapahapa Divisheni ya Nakawa, hufundisha wakazi kilimo cha namna hii. Tumia mbolea iliyooza kabisa, usitie kinyesi kibichi cha kuku, na mwagilia maji safi kwenye shina. Chuma majani ya nje asubuhi kabla jua halijawa kali, na uache moyo wa mche uendelee kuchipua.