Kuandaa Jahazi Lililokwisha Kutumika kwa Safari ya Bahari: Fedha Chache Zianzie Wapi

Mkazi wa Ihanda huzoea malori ya barabara ya Tunduma kuliko majahazi. Hata hivyo, fedha za kahawa hutafuta kazi popote, na si ajabu kikundi cha ndugu au wanachama wa akiba kushawishika kununua jahazi kuukuu huko Bagamoyo au Kilwa, ili libebe mizigo kati ya Dar es Salaam na Mtwara. Tuchukulie mfano wa wanachama 6 wenye shilingi 20,000,000, na muuzaji anayetaka 18,000,000. Wakilipa bei hiyo watakuwa na chombo, lakini hawatakuwa na safari. Ushauri wetu ni kwamba theluthi moja ya fedha zote isiguswe wakati wa kununua. Katika mfano huu, bei ya mwisho ingekuwa kama shilingi 13,000,000. Muuzaji akikataa, atafutwe mwingine.

Aliyewahi kupanda mtumbwi wa Ziwa Rukwa asidhani kwamba anaijua bahari. Maji ya chumvi hula msumari wa kawaida wa duka la vifaa vya ujenzi, tundu likapanuka na ubao ukalegea. Tena baharini yupo mdudu atoboaye mbao, ambaye ziwani hayupo. Tundu lake kwa nje ni dogo mno, ilhali ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mnunuzi afike na fundi asiyetoka kwa muuzaji, naye achome mbao kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na kwenye mstari wa maji. Mahali kisu kinapozama kama katika muhogo uliochemshwa, ubao huo ubadilishwe, na gharama yake ipunguzwe katika bei.

Jaribio la pili halina gharama, nalo ndilo linalosahaulika zaidi. Jahazi lililokaa nchi kavu kwa muda mrefu huvuja linaposhushwa majini, kwa kuwa mbao zimesinyaa. Wauzaji hulijua jambo hilo, na wengine hulitumia kama kisingizio cha kila uvujaji. Chombo kiachwe kikielea kwa siku 3 ili mbao zivimbe. Jioni ya siku ya tatu maji yote ndani yatolewe. Asubuhi yapimwe kwa fimbo yenye alama. Ikiwa yamepanda tena kwa kiasi kikubwa, tatizo si ukavu. Ni kalafati iliyochakaa, msumari uliooza au ubao uliopasuka. Chombo kisiondoke bandarini katika hali hiyo, hata kama mzigo umekwisha kupatikana.

Matengenezo yaanzie chini, chini ya mstari wa maji. Kalafati, yaani pamba inayoshindiliwa katika viungo vya mbao, ikaguliwe yote na iliyooza ing'olewe. Misumari mipya iwe iliyopakwa zinki. Kisha chombo kipakwe deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ambao hulinda mbao dhidi ya yule mdudu na huhitaji kurudiwa mara kwa mara. Hakuna haja ya kukodi chelezo. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Jahazi huegeshwa ufukweni maji yakijaa, hukauka yakipwa, na mafundi hufanya kazi hadi maji yanaporudi. Rangi ya kupendeza ya ubavuni ingoje faida ya safari ya kwanza.

Baada ya hapo zifuate kamba, tanga na nanga. Henza, kamba ipandishayo foromali, inunuliwe mpya. Ikikatika usiku, chombo hubaki bila nguvu. Tanga kuukuu linaweza kushonwa upya, mradi kitambaa hakipasuki kinapovutwa kwa mikono miwili. Kamba ya nanga iwe na urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji: penye mita 10, kati ya mita 50 na 70. Kamba fupi huifanya nanga nzuri iburuzike.

Jaketi okozi si mahali pa kubana matumizi; kila aliyemo chomboni awe na lake, linalomtosha. Redio ya VHF inunuliwe kabla ya mapambo yoyote. Mkondo wake wa dharura ni 16, na hufanya kazi mahali ambapo simu ya mkononi haishiki mtandao. Maji ya kunywa yakadiriwe kwa ukarimu. Safari ya maili 200 za baharini kwa mwendo wa maili 4 kwa saa huchukua saa 50, lakini upepo hauna mkataba na mtu. Mabaharia 6 wapangiwe siku 5 kwa lita 4 kila mmoja, yaani lita 120, kisha iongezwe nusu yake.

Majira nayo ni msaada usiolipiwa. Fedha za kahawa huingia wakati kusi inavuma. Miezi ya Oktoba na Novemba, ambayo watu wa pwani huiita tanga mbili, itumike kwa matengenezo. Kaskazi ikisimama, kuanzia Desemba, jahazi hilo huteremka kuelekea Mtwara bila kushindana na upepo. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zisomwe kila siku kabla ya kuondoka.

Kuhusu hati, jina la muuzaji lilingane na lile lililo katika cheti cha usajili. Chombo cha Tanzania Bara kiulizwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na cha Zanzibar kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Ukaguzi ufanyike kabla ya malipo ya mwisho, na sharti hilo liandikwe katika mkataba wa mauziano. Siku ya kuondoka, nahodha aandike majina ya waliomo, njia, mzigo na siku ya kutarajiwa kufika. Nakala moja ibaki kwa mtu aliye bandarini, na nyingine ipelekwe Ihanda.