Je, Mashine Husema Uongo?

Katika masomo ya falsafa tunafundishwa kutofautisha kosa na uongo. Anayesema lisilo kweli huku akiamini ni kweli, amekosea, mwongo hukusudia. Mt. Augustino aliandika juu ya jambo hili, na Mt. Thomas wa Akwino analichambua katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 110. Tuitumie tofauti hiyo kupima kesi moja ya New York, Marekani.

Abiria mmoja alilishtaki shirika la ndege la Avianca, akidai kwamba mwaka 2019 aliumizwa goti na kitoroli cha kugawia chakula ndegeni. Shirika likajibu kuwa muda wa kufungua shauri umepita. Mawakili wa abiria wakaleta hoja zilizoegemea hukumu za zamani, maana Wamarekani, kama sisi Tanzania, walirithi kwa Waingereza desturi ya mahakama kuongozwa na kesi zilizokwisha kuamuliwa. Upande wa pili ukazitafuta hukumu hizo usizione. Kadhaa hazikuwepo kabisa. Zilitungwa na ChatGPT, zikiwa na namba za kesi na hata majina ya majaji halisi.

Wakili aliyefanya utafiti aliiuliza programu ileile kama kesi mojawapo ni ya kweli. Ikamjibu kuwa ni ya kweli. Hapo mwanafunzi yeyote wa mantiki angeshtuka: shahidi anaulizwa kama ushahidi wake mwenyewe unaaminika! Programu ya namna hii hupanga maneno kwa kufuata jinsi yanavyoandamana katika maandishi iliyofunzwa. Haikufungua jalada lolote. Kwa hiyo haikusema uongo, kwani haina nia. Tunathubutu kusema kwamba hata kukosea kama mtu haikukosea, maana haikuamini chochote.

Basi kosa ni la nani? Katika uamuzi wake wa tarehe 22 Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel hakulaani chombo. Alieleza kwamba kutumia akili mnemba ya kuaminika si vibaya, ila wakili ndiye mlinzi wa usahihi wa anachowasilisha. Mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000, wakaamriwa pia kuwaandikia barua majaji waliosingiziwa hukumu zile. Kilichowaponza zaidi ni kuendelea kuzishikilia hata baada ya mahakama kuzitilia shaka. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kosa lilipovuka mpaka, kwa sababu sasa nia iliingia.

Tusiwacheke. Nasi tukiandaa insha tuliwahi kupewa na programu kama hiyo nukuu ya Mt. Thomas, pamoja na swali na kifungu chake. Tulipofungua kitabu maktabani, kifungu kilizungumzia jambo lingine. Insha ilitakiwa asubuhi, na nukuu ilipendeza kweli. Tuliifuta, lakini si mara moja.