Godoro la Bweni: Unene Si Ubora



Fomu ya kujiunga na shule ya bweni hutaja godoro kwa mstari mmoja tu: futi mbili na nusu kwa sita. Basi. Haiulizi atakayelilalia ana kilo ngapi. Mzazi anakwenda Soko Kuu au Kilombero, anachagua lenye kitambaa cha kupendeza, linafungwa juu ya basi, safari inaanza.

Kwa mwanafunzi wa kilo 50, godoro hilo linaweza kufaa. Lakini wewe mwenye kilo 85 je? Mara nyingi halichukui muda, limebonyea katikati kama mtumbwi. Kiuno kinagusa chaga, asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na darasani unasinzia kipindi cha kwanza. Juu ya hayo, wenzako wanacheka: "Kibonge kaua godoro!"

Tuseme ukweli hapa. Hujaua godoro. Umeuziwa godoro lisilokufaa. Uzito wa mwili si kosa la kuadhibiwa kwa kukosa usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku, awe mwembamba au mnene.

NDANI YA GODORO KUNA NINI?

Zamani wazee wetu walilalia magodoro ya sufi, pamba au majani makavu. Wengine walilala juu ya kitanda cha kamba, kile cha "teremka tukaze": kamba zikilegea unateremka, unazikaza, unapanda tena. Siku hizi magodoro mengi ni ya sponji, yakiwemo yanayotengenezwa hapa hapa Arusha na kiwanda cha Tanfoam. Sponji hiyo ni aina ya plastiki iitwayo poliyurethani, iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937.

Sponji huumuka kama mkate. Ndani yake kuna vijumba vidogo vidogo vya hewa, na kuta za vijumba hivyo ndizo zinazokubeba. Plastiki ikiwa nyingi, kuta zinakuwa imara. Ikiwa kidogo, unalalia hewa! Na sponji si kamba. Kuta zikishachoka, hakuna cha kuteremka kukaza.

HESABU YA SOKONI

Kumbe swali la kumuuliza muuzaji si "lina inchi ngapi?" peke yake. Uliza pia: "Densiti yake ni ngapi?" Densiti umeisoma kwenye Fizikia: ni kilo zilizomo katika kila mita moja ya ujazo. Herufi HD kwenye lebo hazitoshi. Unataka namba.

Muuzaji hajui? Usijali, ipate mwenyewe. Godoro la futi 2½ kwa 6, lenye unene wa inchi 6, ni kama mita 0.76 kwa 1.83 kwa 0.15. Zidisha: unapata mita za ujazo 0.21 hivi. Sasa omba lipimwe. Mizani ya kupimia magunia haikosi sokoni.

• Godoro A lina kilo 4.2. Gawa kwa 0.21. Densiti ni 20.
• Godoro B lina kilo 6.3. Gawa kwa 0.21. Densiti ni 30.

Kwa macho ni mapacha, lakini B lina sponji mara moja na nusu ya A. Kama una kilo 80 au zaidi, tafuta densiti ya 30 kwenda juu, na unene usiopungua inchi 6. Litakuwa ghali zaidi, hilo halina ubishi. Lakini piga hesabu: magodoro mawili ya bei rahisi ndani ya miaka minne, au moja zuri?

Angalizo: mizani nayo hudanganywa. Wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ili sponji iwe nzito. Wengine hugandisha vipande vya sponji chakavu. Kwa hiyo fungua zipu uone ndani, na tafuta nembo ya ubora ya TBS. Kisha bonyeza kwa goti kwa nguvu, hesabu hadi kumi, achia. Sponji nzuri hurudi mara moja. Goti likigonga sakafu, liache hapo hapo.

JE, GUMU KAMA UBAO NDIYO BORA?

Wengi husema mtu mzito alale pagumu. Si kweli. Mwaka 2003 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliohusu watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu.

Jipime dukani, usione haya. Lala chali dakika kadhaa, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita na nafasi kubwa ikabaki, godoro ni gumu mno. Kikikwama kabisa, ni laini mno. Lala na kwa ubavu: bega na nyonga vizame kidogo, uti wa mgongo ubaki umenyooka.

LITUNZE LIKUTUNZE

1. Toa nailoni. Wengi huiacha eti godoro lisichafuke, kumbe inazuia jasho kutoka.
2. Kwenye ubaridi wa Meru, hasa Juni na Julai, unyevu hauondoki upesi. Lisimamishe penye upepo kila wiki. Usilianike siku nzima juani, maana jua kali huharibu sponji.
3. Kila mwezi geuza, upande wa kichwa uende miguuni.
4. Kagua chaga. Nafasi kati ya moja na nyingine isizidi inchi 3. Iliyovunjika mwambie patroni au matroni mapema.
5. Omba kitanda cha chini. Ni haki yako kwa usalama wako na wa mwenzako.
6. Godoro la mtumba likague kwenye mishono. Kunguni hujificha humo.

Hela ya godoro jipya haipo? Mwombe seremala akuongezee chaga, au akate plaiwudi ya kuweka chini ya godoro na kuitoboa matundu ya hewa. Haliponyi sponji iliyokufa, lakini litapunguza mtumbwi.

GODORO SI DAWA

Ukikoroma sana, pumzi ikawa inakatika usingizini, na mchana unasinzia hovyo, nenda kamwone daktari. Vilevile kama mgongo unauma wiki kadhaa, unauma zaidi usiku, miguu inakufa ganzi, au una homa na unakonda. Mgongo nao hupata kifua kikuu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wao wanaweza kukuandikia rufaa hadi hospitali ya Mount Meru.

ZOEZI

Muuzaji anakuonyesha godoro la futi 2½ kwa 6, nene inchi 8 (mita 0.20). Lina kilo 5. Anasema: "Hili ni HD, dada, hata tembo analala!" Wewe una kilo 85. Utanunua?

Jibu: Ujazo ni 0.76 × 1.83 × 0.20, yaani kama 0.28. Gawa 5 kwa 0.28, densiti ni 18 hivi. Ni nene, lakini ni jepesi. Mshukuru, nenda duka linalofuata.