Mnara wa Simu Ukijengwa Jirani

Mnara unapoanza kuinuliwa mtaani, maneno huanza siku hiyo hiyo: watu watapata saratani, mimba zitaharibika, wanaume wataishiwa nguvu. Kabla hujaamua kuhama, soma kurasa hizi pamoja na wenzako wa nyumbani.

Kinachotoka kwenye antena

Ni mawimbi ya redio, jamii moja na yanayokuletea taarifa ya habari. Hayana nguvu ya eksirei, ambayo ikizidi huweza kuharibu vinasaba. Mawimbi ya simu yakiwa makali mno hupasha mwili joto, na kiwango cha kimataifa kwa wananchi kimewekwa mara 50 chini ya pale madhara hayo yanapoanzia. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango hicho.

Antena humulika mbele kama taa za gari, haimwagi mawimbi miguuni pake. Kwa hiyo aliye chini kabisa ya mnara mara nyingi hupata machache kuliko jirani wa mbali kidogo.

Na saratani?

Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Dondoo ya jani zima la alovera nayo imo humo. Ushahidi waliouona ulikuwa mdogo, na ulihusu zaidi watu wanaoshikilia simu sikioni kwa muda mrefu, si majirani wa minara. Simu yako iko karibu nawe kuliko antena yoyote, tena mtandao ukiwa hafifu huongeza nguvu ili isikike. Mnara ukipelekwa mbali, simu ndiyo itakayohangaika. Mazungumzo marefu yafanye kwa spika au kwa visikizio vya waya.

Tazama chini ya mnara

Hapa ndipo penye la kulalamikia, na watu wengi hawapatazami. Jenereta ya mnara hutoa moshi wa dizeli, ambao wataalamu wale wale wa saratani waliuweka mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, bila "huenda". Jenereta inayonguruma usiku kucha hunyima watu usingizi, na mafuta yanayovuja yanaweza kufika kisimani. Uzio ukibomoka, watoto watapanda.

Andikeni tarehe na saa za kero, mzipeleke serikali ya mtaa. Kwa Tanzania, moshi na kelele ni kazi ya NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Mkitaka mionzi yenyewe ipimwe, ulizeni Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kichwa kinauma tangu mnara uje

Maumivu hayo ni ya kweli, asikucheke mtu. Lakini katika majaribio ambayo washiriki hawakuambiwa kama mitambo imewashwa au imezimwa, walishindwa kutambua, na wengine waliumwa hata ilipokuwa imezimwa. Hofu na kukosa usingizi vinatosha kuumiza kichwa. Vivyo hivyo shinikizo kubwa sana la damu, macho yanayohitaji miwani, na malaria. Nenda kituo cha afya ukapimwe; usiusingizie mnara ugonjwa unaotibika.